Waya Uliosokotwa Kushoto

Mume wangu alizaliwa na hasira, ufundi akaja kujifunza baadaye. Watu wanamwita Mashoto kwa sababu hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kupiga meza akigomba. Gereji yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Yeye anafungua pikipiki, mimi nauza vipuri dirishani. Ana sheria moja: akitoa kifaa chakavu, lazima amwekee mwenye pikipiki mwenyewe mkononi, akishike, aone alikuwa anapanda nini. Wateja wengine huona aibu. Yeye anafurahi, mungu mtu yule.

Alhamisi asubuhi shemeji yake alikuja na pikipiki yao kubwa ya safari, amempakia wifi yangu. Jumamosi walikuwa wanavuka milima, siku nne barabarani.

"Gia imelegea kidogo," shemeji akasema. "Unakanyaga, haiingii. Kaza tu nati, shem, tusichelewe."

"Kidogo!" Mume wangu akashika pedali ya gia, ikacheza juu chini kama jino la mtoto. "Uko kwenye mteremko, lori liko nyuma yako, gia imegoma. Utaliambia nalo lisubiri kidogo? Na dada yangu umempakia!"

Akafungua. Ule ufito wa chuma unaounganisha pedali na gia ulikuwa umelika vifundoni, unazunguka ovyo. Meno ya mhimili nayo yalikuwa yameisha, na mtu alikuwa amesokomeza hapo kipande cha kopo la soda ili kubana, akakifunga kwa waya wa shaba.

Hapo tukakoma kwa makelele yake. "Fundi gani huyu? Huyu ni muuaji mwenye spana! Kazi ya bora liende, halafu anakula na kulala!" Akapiga meza mpaka nati zikamwagika. "Nitajieni jina lake, nimfuate huko huko!"

Mimi ule waya nilikuwa nimeshauona. Niliuma ulimi, na hilo nalo lilinikasirisha.

"Kaka," wifi akasema, "waya umesokotwa kushoto."

Akautazama. Miaka miwili nyuma, mama yao, yeye na wifi, alipozidiwa hospitalini, wifi na mumewe walipita hapa mbio, gia inaruka. Mume wangu akawabania na kopo, akasema litawafikisha tu, wakirudi ataweka kipya. Waliporudi, mama alikuwa ameshazikwa.

"Mbona hamkunikumbusha?" akafoka.

"Tulikukumbusha!" Wifi naye hasira zikampanda, wale ni damu moja. "Ukasema bado inakaza, tuendeshe. Miaka miwili, kaka, nimekaa juu ya kopo lako!"

"Basi kaza tu, shem," shemeji akasema taratibu. "Tutaenda polepole."

"Haitoki hapa!" Akang'oa pedali, akanirushia dirishani. "Fungia hiyo kabatini. Agiza ufito, vifundo, na mhimili mpya. Milima haihami."

Nilifungia. Nilikuwa na hasira naye bado, maana sauti ilikuwa ile ile, kana kwamba wa kugombezwa walikuwa wao.

Wifi akaokota kile kipande cha kopo mezani. Akamshika kaka yake mkono wa kushoto, akaukunjua kidole kwa kidole, akakiweka humo.

"Chakavu hukabidhiwa mwenyewe," akasema. "Kishike."

Akakishika. Boliti zilizobaki alizifungua kwa mkono wa kulia, vibaya, mpaka jioni.