Kipande cha Katikati cha Kapinga

Bado akili yangu inakataa. Naandika jina lake na mkono unaenda tu, kama unaandika vitu vya sokoni.

Ba mama wa darasa la kushona, na ninyi wengine mnaopita hapa mlangoni: Kapinga amekufa. Jumapili asubuhi, homa ya siku tatu. Kesho tunamzika.

Mimi ni Mama Sifa, jirani yake wa ukuta mmoja hapa kambi ya wafanyakazi. Nimebandika karatasi hii kwa sababu kwenye kilio siwezi kusema. Nakaa tu. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Sijalia bado. Msinishangae.

Mnakijua kile kifuniko cha kitanda alichokuwa anatushonesha, cha vipande vipande, cha binti yake Ngalula. Lakini hamjui kilianzia wapi. Kilianzia kwenye sufuria yangu.

Nilikuwa napika sombe ya majani ya muhogo, mtoto mgongoni, mafuta ya mawese yamepanda juu. Akanishika mkono. "Weye, usikoroge! Angalia ile kijani na ile mafuta. Njo ile rangi natafuta!" Nikamwambia, "Kapinga, bantu beko na njala." Sombe ikashika chini. Tulikula imeungua.

Kesho yake alidondosha tone la mawese kwenye karatasi, tukaenda nalo sokoni kwa Papa Ramazani, yule muuza vitambaa wa Maniema. Papa akaangalia, akanusa. "Mama, miye nauzisha bitambaa. Mafuta iko kule mbele."

Kapinga hakucheka. "Tafuta, Papa. Iko hapa." Alifunua marundo mpaka la chini kabisa. Rangi ile ile ilikuwepo.

Nyumbani alitandaza vipande kwenye majani, akapanda juu ya kiti, akafinya macho. "Ile inayopiga kelele, toa." Majirani walidhani anaumwa macho. Mmoja alimletea dawa. Ni wewe, Mama Tshala.

Kuchovya kila kitambaa kwanza kwenye maji ya chumvi, kuona kama rangi inatoka, yeye ndiye alitufundisha. Na yeye ndiye alisahau. Kitambaa kimoja chekundu kilitoa rangi yote, ikaingia kwenye vyeupe vyote na kwenye nepi za mwanangu.

Nilikasirika kabisa. Watoto watatu, maji ya kubeba kichwani, halafu nepi! Yeye, aliyeniita yaya kama dada yake mkubwa, akainua moja kwenye jua. "Yaya, hii pinki, hakuna mutu mwingine anayo hapa Lubumbashi." Mwanangu amevaa pinki mpaka ameanza kutembea. Nyingine iko kwenye safu ya tatu ya kifuniko.

Na kile kikwembe, kitenge cha kijani tulichopewa na chama kwa siku ya kumchezea Président. Kijani chake ndicho tulichokitaka. Lakini kina sura ya Président, na nani angethubutu kupitisha mkasi pale? Akakata kijani cha pembeni tu. Sura akaikunja kwa ndani, taratibu, akaiweka sandukuni.

Directrice, msimamizi wa darasa letu, akaingia. "Citoyenne Kapinga, unamuficha Président?"



"Apana, Maman. Namulinda na vumbi."

Directrice aligeukia dirisha. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Alhamisi alikuja mlangoni kwangu. Kila mmoja wenu alikuwa na safu yake nyumbani. Kilibaki kipande cha katikati, na rangi yake alikuwa hajaipata. "Yaya, twende sokoni." Nikasema, "Kesho. Leo niache, sina miguu." Akasema, "Bon. Kesho."

Ijumaa hakuinuka kitandani.

Sasa, jana kwenye kilio Mama Tshala aliniambia, "Tumuwekee zile safu ndani ya sanduku. Aende na kazi yake." Na wengi mliitikia kwa kichwa. Najua ni upendo.

Lakini nasema hapana. Hakukata vipande vile kwa ajili ya udongo. Alikata kwa ajili ya Ngalula, mtoto wa miaka minne, ambaye tangu Jumapili analala ameshika kitambaa cha kichwa cha mama yake na hakuna anayeweza kukitoa mkononi.

Leteni safu zenu Ijumaa. Zote nane. Hata iliyoshonwa vibaya, nitaifumua mwenyewe.

Mama Tshala, wewe ni mkubwa, nakuheshimu. Lete na ya kwako.

Leo asubuhi nimeenda kwa Papa Ramazani peke yangu. "Mwenzako?" "Amekufa." Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema amesafiri. Akakaa chini. Halafu akasimama, akaanza kunifunulia vitambaa, kimoja kimoja.

Nikafinya macho. Hakuna kilichopiga kelele. Vyote vilikuwa sawa, vyote mbali.

Nikaacha kuangalia. Nikapitisha mkono, nikatafuta kilicho laini kuliko vyote, ambacho shavu la mtoto linaweza kulala juu yake. Rangi nimeiona nilipofika nyumbani. Kijivu. Kijivu cha bure, hakina ua, hakina chochote.

Kapinga, najua. Ungesema kinaua rangi zote. Ungenirudisha sokoni na mtoto wangu mgongoni. Lakini hukuniachia rangi, na mimi Alhamisi sikutoka na wewe, basi ni hivi. Nimekwisha kukikata.

Mwezi wa sita baridi ikija, Ngalula atafunikwa. Hiyo niachie miye.

Lala muzuri, mwenzangu.