Leso Yangu na Ulanzi wa Tosamaganga

Nilitumwa Iringa kwa sababu baba alikuwa mgonjwa. Kaka yangu Asajile alitaka kuoa binti wa Kihehe, Paulina, na ilibidi mtu wa ukoo aende kujitambulisha. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nikakubali upesi. Nilitaka kuonja ulanzi, pombe ya mianzi inayosifiwa kote nyanda hizi.

Alfajiri basi liliondoka Mbeya. Chimala tulishuka kulisukuma matopeni. Jioni, katika hoteli moja ya Mlandege, mjini Iringa, nilimwuliza mwenye hoteli kama maji ya kunawa yamechemshwa.

"Bwana mdogo, unanawa au unakunywa?"

Wateja wakacheka. Mimi nikawaona wajinga.

Asubuhi nilitembea, nikavuka mto, hadi kijijini kwao Paulina, karibu na Tosamaganga.

"Kamwene, mgeni wetu!" aliita Baba Paulina.

Tulikula ugali kwa kuku na majani ya maboga. Kisha Baba Paulina akatwaa kibuyu, akamimina ulanzi uliogemwa alfajiri ile katika kikombe cha mwanzi, akanywa funda moja, akanipa kwa mikono miwili. Nikatoa leso, nikafuta ukingo, ndipo nikanywa. Ulikuwa mtamu, na povu jepesi.

Baba Paulina akaitazama leso.

"Kwenu hamwonjei mgeni?" aliuliza Mama Paulina.

"Tunaonja, mama. Hata mama yangu huonja. Lakini faida yake nini? Mdomo huambukiza magonjwa."

"Mume wangu ameonja ili kama kuna ubaya, uanzie kwake. Wewe umemfuta kama uchafu."

Baba Paulina akaziba kibuyu. "Mwambie kaka yako aje mwenyewe. Akija na leso, asivuke mto."

Hata hivyo alinibebea mkoba hadi barabarani, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Njia nzima ya kurudi sikuthubutu kugusa mahindi ya kuchoma aliyonifungia Mama Paulina.

Nyumbani nilimweleza kaka yote.

"Mwaka mzima namsubiri binti huyu," alisema, "nawe unashindwa na kikombe?"

Aliondoka kesho yake. Siku nne nilikaa ndani, nikikwepa macho ya mama. Shule ilinifundisha kuuliza. Haikunizuia kumwuliza mama yangu kwanza maana ya kuonja, na sikumwuliza.

Kaka akarudi. "Wamekubali. Nimekunywa vikombe viwili. Cha pili kilikuwa chako."

"Nikawaombe radhi?"

"Utakwenda harusini. Baba Paulina amesema atakuonjea yeye mwenyewe, mbele ya watu wote."

Leso nimempa mama, anafunikia maziwa.