Gari Niliyopewa kwa Mdomo

Nakumbuka Iddi moja, mwanangu, bado nna nguvu za kubeba ndoo mbili kwa pamoja, kaka yangu Suleiman aliponipa gari. Tulikuwa nyumbani kwa mama, Bububu, tushakula biriani, mama anachokonoa meno. Kaka, ambaye kazi yake ilikuwa ya meli na nchi kavu hakai, akanitupia ufunguo mapajani.

"Salma, gari ile yako. Nimekupa. Kwangu yaota kutu tu."

Nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Mama hakucheka. "Iddi ikisha nendeni pamoja mkabadilishe jina kwenye kadi ya gari," akasema. "Na muite watu wawili wasikie."

Nikamkata kauli. Ndiyo, mama yangu mzazi, ndivyo nilivyokuwa. "Mama, mie na Sele tumenyonya ziwa moja, leo tukaandikishane kama tuliokutana sokoni? Watu watasema simuamini kaka yangu!"

Kaka naye akacheka. "Kadi karatasi tu, mama." Likapita hivyo.

Gari ile niliipenda, Mungu anisamehe. Ilikuwa ya buluu, na mlango mmoja mpaka uubamize kwa nyonga. Mama akivua viatu kabla ya kuingia, akavipakata, kama anaingia chumbani kwa mtu. Nikimpeleka Kizimkazi kwa dada zake, watoto wamebanana nyuma, udi wa mama umejaa gari nzima. Mpaka leo nikisikia udi ule nauona mkono wake umeng'ang'ania dashibodi kwa kuogopa kona.

Lakini kaka akirudi safari, nampelekea aitumie. Akiiegesha barabarani karibu na nyumba yake ya Mji Mkongwe, maana vichochoro vile gari haipiti, na ufunguo ukitundikwa msumarini ndani kwa mkewe, Zuhura. Akisafiri, naichukua tena. Nikaona ndiyo udugu huo.

Mama akatangulia mbele ya haki. Mwaka uliofuata kaka naye; karudi safari, hata wiki haijaisha, akaanguka msikitini. Gari iko kwake, ufunguo msumarini, kadi kabatini ina jina lake.

Arubaini ilipopita, sheikh aliyegawa mirathi akaniuliza mbele ya watu, "Bi Salma, alipokupa, nani alisikia?"

Nikasema, mama. Na mama yuko kaburini.

"Na ufunguo ulikuwa wapi?"

"Msumarini, nyumbani kwa kaka," nikasema.

Zuhura akalia. "Wifi, mie sisemi wewe muongo. Lakini Sele hakunambia kitu. Hawa mayatima, nitaitoaje mali yao kwa neno tu?"

Alisema kweli, mwanangu. Nami nikamjibu nini? "Hukumpenda kaka yangu, ulipenda vitu vyake!" Mbele ya wanawe. Laiti ningejiuma ulimi siku ile.

Gari ikaingia kwenye mirathi, ikauzwa. Hiyo haikuniuma muda mrefu, miguu nnayo. Kilichoniuma ni watoto wa kaka kunipa shikamoo kwa pembe ya mdomo, huku wanapita. Binti yake mkubwa alipoolewa, ngoma niliisikia nikiwa njiani, sikualikwa. Miaka ikapita ndipo nikaenda kumwangukia Zuhura, akanisamehe. Lakini watoto washakua bila shangazi, na hilo halina wa kulirudisha.

Basi ukipewa gari na baba, na dada, na yeyote wa damu yako, usione haya. Sema "Nimepokea," watu wawili wasikie. Kisha mwende ofisini pamoja, mngali mnacheka, mkabadilishe kadi, na ufunguo ulale kwako. Nawe unayetoa, usingoje kuombwa. Madhali jina lako limo kwenye kadi, hujatoa bado. Atakayekwambia huko ni kutoaminiana, mwambie mimi nimesema: karatasi ile si yenu nyinyi mnaopendana. Ni ya watakaobaki nyuma, ambao hawakusikia mlivyoambizana.

Mungu akupe ndugu wa kukupa, akupe na moyo wa kuwapa. Na siku mtakapoitwa mmoja mmoja, watoto wenu wakae mkeka mmoja, walie pamoja, wale pamoja. Amin.