Sabuni Kwenye Tangi la Petroli

Mashine yenyewe ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu, pana kama ng'ombe aliyelala, na tangi lake la chuma lilikaa katikati ya mapaja ya mwendeshaji. Mradi wa mifugo ulioniajiri mjini Embu ulinikabidhi niitumie kuchanja mbuzi pande za Gachoka, ambako gari la kawaida hukwama mchangani. Nilikuwa mwanamke pekee miongoni mwa maafisa wa nyanjani, na tangu siku ya kwanza wenzangu waliitazama mashine hiyo kama mali yao iliyopotea njia.

Kisha petroli ikaanza kupungua. Nilitoka uani mwa mradi tangi likiwa limejaa, na kabla ya kumaliza kuzunguka maboma injini ikawa inakohoa.

"Madam, petroli haina miguu," meneja aliniambia mbele ya watu. "Ikiendelea hivi, Ijumaa mashine nampa mwenzako wa Kibirichia, kule kwenye viazi."

Mwenzangu huyo alicheka. "Usijali, Madam. Nitakuwa nakuletea viazi."

Nilisema mashine inavuja. Fundi wa mradi aliitazama ikiwa imesimama kwenye saruji tambarare, injini ikiwa baridi, akasema iko sawa. "Labda ni vile unajaza. Akina mama humwaga." Nilipokataa kuondoka aliinama chini ya tangi kidogo, akainuka akijipangusa mikono. "Haya, nimeziba kwa gundi ya chuma. Sasa enda mpaka Somalia ukitaka."

Niliondoka nikimwamini. Siku iliyofuata, baada ya kuvuka kijito, nilifika kwa bibi mmoja mwenye mbuzi wengi. Alikuwa akipika nje. Nilipomkaribia tu alinyoosha mwiko kunizuia.

"Daktari, kaa hapo mbali na moto wangu! Unanuka petroli, na mimi niko na wajukuu hapa."

Nikajitazama. Suruali ilikuwa imelowa hadi gotini, na matone yalikuwa yakianguka kando tu ya ekzosi, ambayo wakati huo ingeweza kukaanga yai. Asubuhi nzima nilikuwa nimekalia jiko.

Nilimwomba bibi unga wa mahindi.

"Unataka kupika sasa?"

Niliisukuma mashine mbali na moto, nikaiacha ipoe, nikaipangusa kila mahali hadi ikakauka, kisha nikanyunyiza unga kwenye tumbo la tangi, kwenye mpira wa petroli na kwenye kabureta. Niliielekeza pua juu mlimani, jinsi njia za huko zinavyoilaza, nikafungua koki ya petroli. Unga wa kwenye kabureta ndio uliolowa kwanza. Lakini petroli hushuka kama maji yoyote, kwa hiyo niliufuata unyevu kwenda juu, hadi pale koki inapoingia kwenye tangi. Hapo kidole changu kikazama katika kitu laini. Nilikikwangua, nikakinusa.

Sabuni ya kufulia.

Kila dereva wa lori katika barabara zetu anaijua hila hiyo: tangi likitoboka, unashindilia sabuni ufike nyumbani, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Maji huiyeyusha. Fundi alijua ninavuka vijito kila siku. Alijua pia kwamba sabuni ni ya kumrudisha mtu nyumbani. Haimpeleki mtu kazini. Aliibandika, akaiita chuma, akaenda kunywa chai.

Chini yake raba ya koki ilikuwa imepasuka. Kitu kidogo kuliko kifungo. Nilimwaga petroli kwenye jerikeni, nikaichomoa koki, nikaenda nayo kwa miguu hadi dukani Gachoka kutafuta raba inayolingana. Nilipoirudisha na kuikaza, nikanyunyiza unga tena. Ulibaki mkavu.

"Umepaka chuma poda," bibi alisema, "na sisi hatujala."

Ijumaa niliiweka ile sabuni kwenye meza ya meneja. Fundi aliitazama bila haya. "Lakini si ilishika?" Wanaume wakacheka. Meneja hakuniuliza kama niliungua. Aliigeuza kwa ncha ya kalamu, akasema, "Vizuri. Kwa vile sasa mashine imepona, mpe mwenzako funguo. Huko Gachoka utapata baiskeli."

Nilimgeukia mwenzangu wa Kibirichia, nikamtilia sabuni mkononi. "Chukua hii. Ndiyo niliyopewa mimi." Kisha nikatoka uani nikiiendesha mashine, huku meneja akiniita kutoka dirishani.

Alinionya kwa ukali, lakini hakuthubutu kuninyang'anya, kwa maana angelazimika kuwaeleza wafadhili waliotoa mashine habari ya sabuni. Niliitumia hadi mradi ulipofungwa. Kila asubuhi nililala chini ya tangi na kulikagua mwenyewe, kwani fundi yule alibaki kazini, na wote walimwita hodari.