Kipimo cha Shavu la Bibi

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo, walio macho na wanaosinzia, kwamba dunia imejaliwa mtu anayejua kila binadamu anatoshwa na mwanga kiasi gani. Huyo ni Mama Filamu, mpiga picha, mwanamke wa kandambili na macho ya askari wa barabarani. Mchana mmoja bibi kizee aliingia studio kwake, kaongozana na mwanawe wa kiume.

"Mwanangu," bibi alimwambia Mama Filamu hata kabla ya kuketi, "kwenye picha zote za ukoo mimi ni meno na kitambaa. Wajukuu wanauliza, huyu nani kavaa giza? Nautaka uso wangu kabla sijaenda nao."

Bibi alikuwa mweusi tii. Mwanawe, aliyechukua rangi ya baba yake, alikuwa mweupe, tena kavaa suti nyeupe pee. Mama Filamu akaelewa. Mafundi waliotangulia walimpimia mwanga mwana, lenzi ikabanwa ipitishe mwanga kidogo kwa heshima yake, bibi akaachiwa usiku. Mmoja alijitia ujanja akampaka bibi poda. Bibi akatoka pichani kama mwizi wa unga.

Mama Filamu akakisogeza kipimo cha mwanga hadi shavuni kwa bibi.

"Hicho kidude kinauma?"

"Hakiumi, bibi. Kinakusoma tu."

"Basi kisome taratibu, kuna mengi."

Akamketisha bibi dirishani, akaifungua lenzi kwa kadiri ya shavu lile. Mwana akamsukumia nyuma, kivulini, mwanga ule mwingi usije ukamfuta.

"Mimi? Na suti hii?"

"Na suti hiyo. Na usisogee."

"Kaa unapoambiwa!" bibi alimkaripia. "Miaka yote mimi ndiye nimekuwa ukuta wako."

Filamu iliposafishwa, bibi aliishika picha kwa mikono miwili. Akatazama kichunjua juu ya mdomo, makunyanzi, jicho moja dogo kuliko jingine.

"Kumbe nafanana na marehemu mama," akasema.

Mwanawe akachungulia. Ubavuni mwa bibi, pale pale mwanga ulipomwagika, palikuwa na doa jeupe lililofunga tai.

"Fundi, mama kaonekana, sikatai, wewe ni bingwa wa mabingwa! Lakini mimi niko wapi?"

Mama Filamu akapiga mwayo.

"Ulisogea."