Senene Dukani kwa Mdogo Wangu

Niseme mapema ili msije mkanishangaa: nilimwonea mdogo wangu wivu, na sijaacha. Sisi ni tumbo moja, Wanubi, kizazi cha wale askari waliotoka Sudan zamani, watoto wa askari polisi, na kushona tulifundishwa na mama yetu kwenye cherehani moja. Mimi ndiye ninayeshona vizuri zaidi. Muulizeni yeyote pale kwetu Bukoto aliyewahi kuvaa kazi zetu sisi wawili.

Kulikuwa na chumba cha duka Nateete, mahali ambapo mteja anakuona hata kama hakutafuti. Nilikwenda mimi kwanza. Mwenye nyumba, mama mmoja Mganda mwenye adabu zake, alinikaribisha vizuri, kisha akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamwambia sina ukoo wa Kiganda, mimi Mnubi, nimezaliwa hapa hapa Kampala. Akatabasamu. Ati atanipigia simu. Dalali, ambaye hana siri, ndiye aliyenieleza: mpangaji wa kwao akimletea matatizo, yule mama anajua aende kwa mzee gani wa ukoo akashitaki; lakini Mnubi akimsumbua, atamfuata wapi, kambini? Baba yangu alilinda mji huu ujana wake wote, na bado mimi nilionekana mtu asiye na mdhamini.

Wiki iliyofuata mdogo wangu akaenda. Alivaa gomesi ya kuazima, lile vazi la heshima la akina mama wa Kiganda, akapiga magoti, akaamkia kwa Kiganda kilichonyooka, akasema yeye ni wa ukoo wa Senene. Akapewa ufunguo siku hiyo hiyo! Wee, nilivyoumia! Nililala na hasira, nikaamka nayo. Nikipita pale naona wateja wamejaa kwenye benchi, wanasubiri pindo zilizokwenda upande, na chakula cha siku hiyo hakishuki.

Sasa, mtu wa ukoo wa Senene hali senene, wale panzi wanaokaangwa msimu wa mvua. Ni mwiko. Na huyu mdogo wangu, tangu utotoni, ukimwekea senene mbele yake anasahau hata jina lake. Basi msimu ulipofika nikanunua mkebe mzima, wamekaangwa na vitunguu, nikangoja siku ambayo mwenye nyumba huja kushonesha. Nilipoona keshafika, niliingia dukani natafuna. Nikaufungua mkebe mezani, harufu ikajaa.

"Chukua, mpenzi," nikamwambia. "Si chakula chako hiki?"

Aliutazama mkebe. Nilimwona anameza mate. Kisha akainua macho, akaniangalia vile alivyoniangalia zamani alipovunja kitu na kungoja kama nitamsemea kwa baba.

"Sisi hatuli," alisema polepole.

Mwenye nyumba akanigeukia. "Na wewe ni nani wake?"

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Ningesema dada yake, tumbo moja, na senene wamo mdomoni mwangu, basi duka lingekwisha. Halafu? Ningepewa mimi? Thubutu! Angepewa mwingine wa kwao. Njia nzima kutoka Bukoto sikuwa nimeliwaza hilo, wivu ulikuwa umenijaa hadi kwenye masikio. Nikameza.

"Jirani yake tu, nyabo. Mimi Mnubi."

"Aa, ndiyo maana," alisema yule mama, akacheka kwa upole, akanyoosha mikono apimwe.

Mdogo wangu hakunishukuru. Ila tangu siku ile zile kazi ngumu asizoziweza, magauni ya harusi na mishono ya shanga, huniletea mimi nyumbani. Nazishona, yeye anazitundika dukani, na watu wanaisifu mikono yake. Nasikia kwa masikio yangu, na moyo unaniwaka, wallahi. Siku nikipeleka kazi nikakuta wateja, yeye huwa wa kwanza kunena, kwa sauti ya kusikika na wote: "Karibu, jirani."

Nami naitika.