Tiketi ya Kwanza Isiyo ya Msiba

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mbuzi watatu waliochinjwa na kukatwakatwa wamejaa kwenye toroli ndani ya duka la nyama, barabara ya Bissonnet, Houston. Bwana harusi mtarajiwa amekwishatoa noti zake na kuzishika juu kama mtu anayetaka kumtunza mwimbaji. Loice Moraa anausukuma mkono wake kando.

"Hizo nipe mimi. Kadi yangu ndiyo italipa."

"Kwani Auntie, ni wewe unaoa?"

"Oa wewe, kijana. Mimi nataka pointi tu."

Mashine inalia, kadi inarudi kwenye pochi, noti zinaingia kwenye bahasha. Kabla ya saa sita mchana Loice atakuwa amezifikisha benki na deni la kadi litakuwa limekwisha. Kitakachobaki ni pointi, yale marupurupu ambayo kampuni ya kadi humpa mteja kwa kila dola anayotumia. Zikitosha, hugeuka tiketi ya ndege.

Ndiyo maana harusi, ubatizo au mahafali yoyote ya Waafrika Mashariki wa hapa hayampiti. Mara nyingi huwa na furaha kuliko wenye sherehe.

Loice ana miaka hamsini na mmoja, anaishi mtaa wa Sharpstown, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akifua na kukunja shuka za hospitali kwa dola kumi na saba na nusu kwa saa. Tiketi ya kwenda Nairobi wakati wa Krismasi hupita dola elfu mbili. Hiyo ni karibu wiki tatu za shuka, kabla hajalipa kodi wala kula.

Kadi yenyewe ilimfundisha adabu mapema. Ya kwanza aliipata mwaka wa 2015, akanunua televisheni kubwa kama mlango.

"Niliilipia miaka mitatu," anasema. "Yenyewe ilikufa mwaka wa pili. Mwaka mzima nikawa nalipia maiti."

Siku hizi hanunui kwa kadi kitu ambacho pesa yake haiko tayari mkononi. Wala pointi zake haziweki peke yake. Miaka sita iliyopita yeye na wenzake sita walianzisha wanachokiita Kapu. Kampuni moja ya ndege inaruhusu watu kuunganisha pointi zao kwenye akaunti moja, tiketi ikatoka kwa jina la yeyote kati yao. Ukishatia, hakuna kutoa.

Wazo hilo, anasema, hakulipata Amerika. Alitoka nalo Nyamira.

Kwao kila mkulima wa chai alikuwa na namba yake kwenye kituo cha kupimia majani, na malipo yalifuata namba. Mwaka wa 1989 Loice aliitwa kidato cha kwanza na baba yake hakuwa na karo. Majirani wakakubaliana kwamba Jumatano moja, kila atakayechuma apime kwa namba ya baba yake Loice.

"Ulikuwa umenyesha usiku kucha, watu wote miguu ni udongo mwekundu," anakumbuka, na mikono yake inaacha kufunga mifuko ya nyama. "Karani anaita namba ya baba. Anayefuata, namba ya baba. Anayefuata, ya baba tena. Mwisho akavua miwani akauliza, 'Huyu mzee amenunua Nyamira yote?' Watu walicheka mpaka majani yakamwagika. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuka anaangalia mti, nami nikajifanya sioni."

Anaufunga mfuko mwingine. "Majani mabichi yana harufu fulani. Kuna siku mashine ya kukaushia inafunguka kule kazini, mvuke unanipiga usoni, najiambia ndiyo hiyo. Halafu naona ni sabuni."

Kapu lilikuwa na sheria moja. Linafunguliwa kwa msiba tu. Anayefiwa nyumbani anapata tiketi siku hiyohiyo, bila kupitisha bakuli la mchango. Tiketi nne zimetoka, zote za mazishi. Moja ilikuwa ya Loice, mwaka wa 2021, baba yake alipofariki.

"Nilikuwa nyumbani siku nne. Mbili nililia, moja nililala, moja nikafunga begi. Mama alinishika mkono langoni akaniuliza kama nimekula. Mpaka leo sikumbuki nilimjibu nini."

Mama huyo, Bibi Kerubo, sasa ana miaka themanini na miwili, na macho yanamwacha. Daktari amesema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Wakipigiana simu ya video, mwanzoni alikuwa akiisogeza simu karibu na uso. Siku hizi anaiweka sikioni.

"Mwezi wa saba aliniambia, 'Moraa, sura yako imeanza kunitoka.' Mimi nilikuwa nakunja shuka. Nilikunja hiyo moja mara nne."

Agosti, watu wa Kapu walipokutana sebuleni kwake, Loice aliomba kile ambacho hakuna aliyewahi kukiomba. Alitaka tiketi ya kwenda kumwona mtu aliye hai. Zilikuwapo pointi za tiketi moja tu.

Patroba Otieno alikataa. Ni fundi wa viyoyozi kwenye maofisi ya mji wa Plano, na alikuwa ameendesha gari kwa saa nne na ushee kuja kukataa.

"Dadangu, mzee wangu ana miaka tisini," alisema. "Tukitoa hiyo tiketi leo, kesho simu ikilia kutoka kwetu Siaya, mimi nitapanda nini? Punda?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu alikuwa na haki. Ndipo Marie-Rose, anayesafisha vyumba vya hoteli, akaweka kikombe chini. Ni Mrundi, lakini Kiswahili chake ni cha Kigoma, alikokulia kwenye kambi ya wakimbizi.

"Kaka Patroba, mimi nimetia pointi miaka sita. Unajua za kumzika nani?"

Patroba akakirudisha kijiko cha pilau sahanini.

"Wazazi wangu wote niliwazika kambini, na kambi yenyewe imefungwa. Hakuna simu itakayonipigia mimi. Nilikuwa natia kwa sababu ninyi mnatia. Sasa naomba zamu yangu, ambayo sitaitumia, aende nayo dada Loice kwa mtu anayepumua."

"Marie-Rose," Patroba akasema, "umenifunga mdomo."

"Afadhali. Ulikuwa unafunguka kwa pilau tu."

Tiketi ikatoka. Patroba mwenyewe ndiye aliyeongeza sharti: kila mmoja atafute sherehe, alipe kwa kadi, na Kapu lijae upya haraka iwezekanavyo. Loice tangu siku hiyo amelipia keki mbili, mahema ya mahafali, na leo mbuzi hawa. Zimebaki pointi kama robo ili tiketi nyingine itimie. Kila Jumapili humpigia Patroba kumuuliza mzee ameamkaje.

"Ananijibu, 'Ameamka vizuri, wewe nunua mbuzi.'"

Safari ni Jumanne ya kwanza ya Novemba. Kumweleza mama yake ndiko kulikokuwa kugumu. Alimpigia akiwa amekaa kwenye gari, nje ya hospitali.

"Nikamwambia, 'Mama, mwezi wa kumi na moja nakuja.' Kwa sauti ndogo akauliza, 'Nani amekufa?'"

Alimwambia hakuna. Mama hakukubali. Akaanza kutaja majina ya ndugu mmojammoja, akimsihi asimfiche.

"Nikasema, 'Mama, wote wazima. Nakuja kukuona wewe.' Nikasikia ameweka simu chini, anamwita jirani kwa nguvu, 'Moraa anakuja na hakuna aliyekufa!' Akarudi kuniuliza ni siku ngapi. Nikamwambia kumi na tisa. Akashtuka kabisa. 'Kumi na tisa? Na utakuwa unafanya nini siku zote hizo?'"

Loice anacheka, anafuta macho kwa nyuma ya kiganja, na kulisukuma toroli kuelekea gari la bwana harusi.

Mpango wake, anasema, ni kutofanya chochote. Atakaa karibu, mahali penye mwanga, mama amwangalie anavyotaka.

"Nataka nikae mpaka anichoke. Siku ya kumi na tano hivi anikute jikoni nimekaa kwenye kigoda chake, aniulize, 'Wewe, kwani hurudi kazini?' Akiniuliza hivyo, nitajua nimefika nyumbani."